Mimba ya miezi mitano na safari ya Tabora: hiyo dawa ya kufunga usiinywe

SWALI: Shikamoo mkunga. Nina mimba ya kwanza, wiki 22, naishi Kibirizi hapa Kigoma. Mwisho wa mwezi mdogo wangu anaolewa Tabora na nimepanga kwenda kwa treni. Mama mkwe anasema mtikisiko wa treni unatoa mimba, hasa ya kwanza. Amenipa unga wa mizizi wa kufunga mimba, ninywe siku tatu kabla ya kuondoka, na mwingine nibebe wa njiani. Kliniki waliniambia nirudi kumeza SP, vile vidonge vya kuzuia malaria, lakini jirani kasema ni vikali na vinamuumiza mtoto, kwa hiyo nimeona nisivichanganye na hiyo dawa. Je, nisafiri? Na SP naweza kuzisogeza hadi nikirudi? – Mama kijacho, Kibirizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Harusini nenda. SP kameze wiki hii, kabla hujakata tiketi. Huo unga usiunywe, wa nyumbani wala wa njiani.

Kusafiri kwako hakunipi wasiwasi. Miezi hii ya katikati ndiyo mizuri kuliko yote kwa kutembea: kichefuchefu kimepungua, tumbo halijawa zito, usingizi bado unapatikana. Hujasema kama una shida yoyote, kwa hiyo nachukulia huna. Lakini ukiwa umewahi kuona damu katika mimba hii, au kadi yako inaonyesha presha iko juu, damu ni pungufu, una mapacha, au picha ilionyesha kondo la nyuma limetangulia, yaani limekaa chini kwenye mlango wa kizazi, basi onana kwanza na anayekuhudumia.

Sasa nije kwenye huo mtikisiko, maana hili nalisikia karibu kila siku ya kliniki na limeshatuletea maafa. Mtoto wako sasa ana uzito unaoelekea nusu kilo, na ukimnyoosha hapitani sana urefu na samaki mgebuka wa wastani wa hapo sokoni kwenu. Anaelea ndani ya maji, maji yamo ndani ya chupa, chupa imo ndani ya mji wa mimba wenye ukuta wa misuli. Chini yake kuna mlango wa kizazi, ambao kwa kawaida wiki hizi una urefu wa sentimita tatu hadi nne, umefungwa, na katikati umezibwa na ute mzito. Treni ikiyumba unayumba wewe, na mtoto anachezacheza ndani ya maji yake. Hakuna kitu kinachoning'inia humo kikisubiri kukatika. Ingekuwa mtikisiko unatoa mimba, wanawake wa Kigoma wanaopandisha milima hii na ndoo kichwani, wanaotwanga na kulima mpaka mwezi wa tisa, wasingezaa.

Kinachoweza kudhuru ni pigo: kuanguka na bodaboda, ajali ya gari, kupigwa tumboni. Hapo kondo linaweza kubanduka, na hiyo ni dharura hata kama damu haionekani. Kwa hiyo kama ni kuogopa, ogopa bodaboda ya kukupeleka stesheni usiku inayokimbia na mizigo miwili. Treni iache.

Najua imani hii inatoka wapi. Mwanamke amesafiri, siku ya pili mimba imetoka, na watu wanakumbuka safari tu. Hawakumbuki kwamba wiki ile alikuwa na homa, au alikuwa na maumivu ya mkojo yasiyotibiwa, au hata kliniki hakuwa ameanza.

Nasema homa kwa sababu. Unatoka mkoa wenye malaria unaenda mkoa wenye malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini kwa maambukizi ya watoto wadogo, na ule wa 2022 ukaikuta Tabora ndiyo inayoongoza. Kwa mjamzito vimelea vya malaria vina tabia mbaya zaidi: vinajificha kwenye kondo la nyuma. Unaweza kujisikia mzima kabisa, pengine uchovu kidogo tu unaousingizia mimba, huku kondo limejaa vimelea na chakula cha mtoto kinapungua siku hadi siku. Mwisho wake ni mama kuishiwa damu, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au mdogo mno, na wengine kufia tumboni. Umeambiwa uogope behewa linaloyumba. Mbu wa pale stesheni usiku hakuna aliyekutajia.

SP ndiyo inayozuia hayo. Dozi moja ni vidonge vitatu, unavimeza vyote pamoja mbele ya mhudumu, hata kama hujala. Inaanza mimba ikishaingia miezi ya katikati, kuanzia kama wiki ya 13, kisha unarudia kila hudhurio ukiacha angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, na lengo ni dozi tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Kama hii ni ya kwanza kwako, umechelewa ila hujapitwa. Wengine hupata kichefuchefu au kizunguzungu siku hiyo, kinapita. Maneno ya jirani yako yana asili yake: miezi mitatu ya mwanzo SP haitolewi, na watu wamelibeba hilo wakaligeuza kuwa katazo la mimba nzima. Wanaopaswa kusema kabla ya kumeza ni wawili: mwenye mzio wa dawa za salfa, na anayetumia Septrini kila siku, kwa sababu huyo haongezewi SP. Vidonge vya damu ulivyopewa kliniki endelea navyo, ila usivishushie chai, maana chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Sasa huo unga. Umeniandikia kwamba umeona usichanganye, ukaamua kuacha SP ubaki na unga. Niliposoma hapo niliweka simu chini kwanza. Dawa inayojulikana kipimo chake, iliyomezwa na mamilioni ya wajawazito, umeiogopa. Unga usiojua ni mzizi wa mti gani, umekaushwa wapi, kijiko kina nguvu kiasi gani, umeuamini kwa sababu umeitwa dawa ya asili. Mwanangu, asili haina maana ya salama. Baadhi ya mizizi na majani yanayopewa wajawazito yanakaza misuli ya mji wa mimba, na ndiyo maana wengine wanayatumia kuharakisha uchungu. Wanaopewa wakati wa uchungu tunawapokea mji wa mimba umekaza bila kupumzika, mtoto amechoka, na wengine mji wa mimba umepasuka. Anayekuuzia kwa jina la kufunga hana namna ya kukuhakikishia kwamba alichokupa hakifanyi kinyume chake.

Tena unga unaomezwa unakwenda tumboni kwenye chakula, unayeyuka, unaingia kwenye damu. Hauna njia ya kushuka ukaufunge mlango wa kizazi. Kufunga kwenyewe kupo, na kunafanyika hospitali. Mwanamke ambaye mimba zake zimekuwa zikitoka miezi ya katikati, mlango ukifunguka wenyewe bila uchungu, daktari anaweza kumshona mlango huo kwa uzi, mara nyingi kwenye wiki ya 12 hadi 14, na uzi ukatolewa mimba ikikaribia kukomaa. Huo ndio ufungaji ninaoujua mimi. Unahitaji historia, vipimo na chumba cha upasuaji. Mwenye historia hiyo anayepoteza wiki zake kwa unga anaupita muda ambao angeshonwa.

Mwaka mmoja tulimpokea mama wa miezi sita, kaletwa asubuhi, kitenge kimelowa damu hadi magotini. Damu ilianza jioni ya jana yake. Kwenye pindo la khanga alikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi, ndani yake maji ya rangi ya chai ya rangi, kifuniko kimezungushiwa kipande cha mfuko wa nailoni. Usiku kucha walikuwa wanampa kifuniko kimoja kila damu ikizidi, wakisubiri ifunge. Kondo lilikuwa limetangulia. Mama tulimpata kwa kuongezewa damu. Mtoto hatukumpata. Kwao kulikuwa na gari jirani, na mwenye gari alikuwepo.

Tiba asili inatambuliwa na sheria ya nchi tangu mwaka 2002, na wapo waganga waaminifu wanaomwambia mjamzito aende kliniki. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hawa wanaopita sokoni na wanaotuma matangazo kwenye simu. Angalia wanachouza: unga uleule leo unafunga mimba, kesho unafungua njia, keshokutwa unasafisha kizazi, na ukiongeza pesa unakupa mtoto wa kiume. Jinsia ya mtoto iliamuliwa na mbegu ya baba siku mimba inatungwa. Hakuna kijiko kinachoigeuza. Hawa hawakuulizi wiki ngapi, hawakupimi presha, hawakuangalii wingi wa damu, na mimba ikitoka simu zao hazipokelewi. Ikifika salama, kama nyingi zinavyofika zenyewe, sifa ni yao.

Na udongo wa kula, maana nao unauzwa humohumo kama kitulizo cha safari: pemba usibebe. Unabana madini ya chuma, unaweza kuwa na minyoo na hata risasi.

Ya njiani hayana mengi. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 400 za reli, usikae muda wote umekunja miguu. Mjamzito damu yake huganda kwa urahisi, na kuganda kwenye mguu ni hatari. Kila saa moja au mbili simama utembee kwenye korido, chezesha vifundo, na kunywa maji hata kama choo kinakukera. Kubana mkojo kunaleta maambukizi. Chakula cha dirishani kula kilicho cha moto, maziwa ya Tabora yachemshwe. Asali kula bila wasiwasi. Chandarua weka kwenye begi, kitumie huko ugenini, na giza likiingia vaa mikono mirefu. Kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wako wa mkononi, usiiweke kwenye sanduku lililo chini ya magunia. Ukipata homa, pima malaria siku hiyohiyo popote ulipo, hata kama umemeza SP. Ukiona damu, maji yakikutoka, tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, kichwa kikauma sana na macho kuona ukungu, au mtoto aliyezoea kucheza akanyamaza, teremka kwenye stesheni yenye hospitali.

Mama mkwe usigombane naye. Amekupa unga kwa kukupenda, na pengine yeye mwenyewe alipewa na mkwewe. Nenda naye kliniki siku ya SP. Mwombe mhudumu ampe ile pembe ya kusikilizia, aiweke tumboni mwako, ategeshe sikio. Kwa wiki zako mapigo yameanza kusikika, mara 110 hadi 160 kwa dakika, haraka kuliko ya kwake. Nimeona akina mama wakubwa wakibaki wameinama pale hadi tukawaomba waachie mwenzao apime. Kisha unga mkabidhi mhudumu hapohapo mbele yake.

Kama ulikwisha kuunywa kabla ya kusoma haya, au kuna mama mwingine anayesoma na amekunywa chochote, njoo nacho. Chupa, karatasi, mzizi, chochote kilichobaki. Hakuna atakayekutukana nikiwa zamu. Nataka kujua ulikunywa lini na kiasi gani, na ulipoanza kujisikia tofauti ilikuwa saa ngapi.