Uso si sufuria

Kwa karibu mwaka mzima nilisugua uso kila asubuhi kwa skrabu ya punje za maganda ya mbegu, zile zinazokwaruza. Nilikuwa na vipele kwenye paji la uso na vidoa vyeusi vilivyojaa puani, na niliamini nikiongeza nguvu vitatoka. Nikimaliza, ngozi ilikuwa laini na inang'aa, nami nikaridhika. Kumbe ule mng'ao ulikuwa wa ngozi iliyokwanguliwa.

Nilishtuka jioni moja niliponawa kwa maji matupu, bila hata sabuni, mashavu yakawaka kama yamepakwa pilipili. Nikapaka losheni yangu ya kila siku, ikachoma hadi machozi yakanitoka. Kwenye kioo ngozi ilikuwa imekaza, inameremeta kama karatasi ya nailoni, na pembeni mwa pua imeanza kubanduka. Baada ya wiki chache, kila mahali nilipokwaruza kipele pakabaki doa jeusi. Kipele hukaa siku chache tu. Yale madoa yalikaa nami miezi minane.

Ndiyo maana nasema bila kusitasita: kwa sisi wenye ngozi nyeusi, jambo la kuogopa kuliko yote katika kuondoa seli zilizokufa usoni ni kuiudhi ngozi. Chembe zinazotengeneza rangi zikihisi jeraha, hata dogo, humwaga rangi mahali hapo. Kwa hiyo njia bora ni ile inayofanya kazi bila kuichokoza, hata kama matokeo yake yanakuja polepole.

Kabla sijaendelea, niondoe mkanganyiko mmoja. Wengi wakisikia mtu anaondoa ngozi iliyokufa hudhani anajichubua. Hapana. Kujichubua ni kuifanya ngozi iache kutengeneza rangi yake. Hili ninalolizungumzia ni kusaidia seli zilizokufa ziachie, basi. Rangi yako inabaki ileile. Krimu ikikuahidi yote mawili kwa pamoja, irudishe ulikoitoa.

Na hizo seli si uchafu. Tabaka la juu kabisa la ngozi ndilo ukuta unaozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Kwa kijana, seli huzaliwa chini, hupanda juu na kubanduka yenyewe kwa muda wa wiki nne hivi. Umri ukisogea, safari hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Msaada unahitajika pale tu zinapochelewa kuachia: uso unapofifia, unapokwaruza ukiupapasa, au seli zinapochanganyika na mafuta na kuziba vitundu vya ngozi.

Tuanze na kusugua. Ubaya wa maganda ya mbegu yaliyosagwa ni kwamba punje zake zina kingo kali zisizolingana, na huwezi kujua mkono wako umekandamiza kiasi gani. Chumvi nayo siipendi usoni. Sukari ni afadhali kuliko maganda kwa sababu huyeyuka, lakini naiachia midomo. Ukitaka kusugua uso, tumia taulo dogo laini lililoloweshwa maji ya uvuguvugu, ulizungushe taratibu kwa sekunde ishirini au thelathini, uzito wake ukiwa kama unampangusa mtoto mchanga, kisha ulifue. Taulo lenye unyevu lililokaa bafuni siku tatu linakurudishia vijidudu usoni. Mwenye chunusi zilizoiva asisugue kabisa, kwa kitu chochote.

Njia iliyonisaidia mimi ni asidi, na jina hilo lilinitisha kwa muda mrefu. Nilidhani inaunguza. Kwa kiwango cha kutumia nyumbani, kazi yake ni kulegeza kile kinachozishikanisha seli zilizokufa, nazo zikaachia bila kukwaruzwa. Asidi ya glaikoliki ina molekuli ndogo kuliko wenzake, hivyo hupenya haraka na huchoma kwa urahisi. Rafiki yangu anaipenda sana. Mimi niliijaribu mara mbili nikaiacha. Ya laktiki ni mpole zaidi na husaidia ngozi kushika maji, nami nilianza na ya asilimia 5. Ya mandeliki ina molekuli kubwa, huingia polepole, na ndiyo ningempa mtu ambaye kila kipele chake huacha doa.

Ya salisiliki ni ya aina nyingine. Hizo tatu hupenda maji, hii hupenda mafuta, kwa hiyo inaweza kuingia ndani ya kitundu kilichoziba na kulegeza kilichomo. Vile vidoa vyeusi vya puani, ambavyo nilivisugua mwaka mzima bila mafanikio, vilipungua kwa miezi miwili ya salisiliki ya asilimia 2, tena kwa usiku mmoja tu kwa wiki. Ina undugu na aspirini, kwa hiyo aliye na mzio wa aspirini asiiguse, na mjamzito amuulize daktari kwanza.

Kuna pia vimeng'enya, kama papaini inayotokana na papai. Humeng'enya protini za seli zilizokufa, na kwa ngozi nyepesi kuudhika vinafaa. Kwangu vilifanya kazi kidogo tu. Usiseme basi ujipake utomvu wa papai bichi, maana huo ni mkali. Limau nalo liache jikoni: lina asidi kali mno kwa uso, na juisi yake ikikutana na jua inaweza kuacha majeraha na mabaka ya kudumu kwa miezi.

Ukitumia asidi, anza na usiku mmoja kwa wiki. Jaribu kwanza nyuma ya sikio au chini ya taya, usubiri siku mbili. Nawa, ukauke kabisa, paka kidogo, kisha losheni isiyo na manukato. Ngozi ikizoea, ongeza usiku wa pili, na wengi wetu hatuhitaji wa tatu. Usichanganye asidi na retinoli, ile aina ya vitamini A inayopakwa usoni, usiku mmoja. Anayenyoa ndevu kwa wembe ajue kwamba wembe tayari umeondoa seli za juu, hivyo siku hiyo asipake asidi. Asubuhi paka kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, kwa sababu glaikoliki na ndugu zake huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua, na jua hukoleza madoa. Kama kinga ya jua huna, ahirisha asidi mpaka uipate. Zile chupa za asilimia 30 na kuendelea mwachie daktari wa ngozi.

Kama unasoma haya na uso tayari unawaka, acha kila kitu leo. Skrabu, asidi, retinoli, manukato, vyote weka kando. Nawa kwa sabuni pole ya uso mara moja kwa siku, paka losheni nzito ukiwa bado na unyevu, na usiku funika sehemu zilizokauka kwa mafuta ya mgando kidogo. Pakivimba au pakitoa majimaji, nenda kwa daktari. Mimi ilinichukua wiki tano mpaka maji matupu yalipoacha kunichoma, na hapo ndipo nilipofungua chupa ya laktiki kwa mara ya kwanza.