Mombasa hadi New York si masaa 15

Wiki hii mama mmoja wa Likoni ameniandikia: "Dadangu, mwanangu kapata chuo New York. Naona ndege ni masaa 15. Nimwambie mjombake akampokee saa ngapi?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Hizo 15 zina kisa na mimi.

Mamangu alipofariki nilikuwa New Jersey, kazini. Alizikwa siku ile ile baada ya alasiri, ndivyo inavyotakiwa, wala sikutaka maiti angojeshwe kwa ajili yangu. Ndege ya moja kwa moja ilikuwa imejaa. Nikapitia Ghuba, nikakesha kwenye kiti cha chuma, mtandio usoni, simu imebaki asilimia nne na kila soketi ina mwenyewe. Nafika nyumbani hitima imekwisha, sinia zinaoshwa. Ami yangu akasema mbele ya watu, "Si masaa 15 tu kutoka huko? Hata msiba wa mamako?"

Sikumjibu siku ile. Leo namjibu.

Hizo 15 ni za hewani tu, Nairobi hadi JFK, uwanja wa ndege wa New York, kilomita kama 11,800, kwa ndege ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018. Kurudi ni kama 14, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi: ukienda Marekani zinakupinga, ukirudi zinakusukuma. Lakini nani anaishi JFK? Toka Mombasa hadi Nairobi kwa treni ya SGR, masaa kama 5. Fika uwanjani masaa 3 kabla. Ukishuka, panga foleni ya uhamiaji, ngoja mabegi, tafuta usafiri. Kwangu mimi, mlango kwa mlango, siku nzima na ushei, na hapo mambo yamenyooka.

Kisha kuna saa. Tiketi ikisema Jumamosi 00:15, yaani saa sita na robo usiku wa kuamkia Jumamosi, mtoto anatakiwa uwanjani Ijumaa baada ya isha. Akisubiri Jumamosi usiku, ndege ilishakwenda usiku uliopita! Masaa 15 baadaye Nairobi ni saa tisa na robo alasiri, lakini New York, wakati wa baridi, iko nyuma masaa 8, kwa hiyo ndege inatua saa moja na robo asubuhi, Jumamosi hiyo hiyo. Kiangazi tofauti ni masaa 7, basi saa mbili na robo.

Na nyinyi mnaowapeleka watoto, nawaomba sana, msikimbilie tiketi mbili za mashirika mawili kwa kuwa zimepungua bei. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui. Kata tiketi moja hadi mwisho, na kama kuna kubadilisha ndege, acha masaa 3 katikati. Angalia pia kama ile ya moja kwa moja inaruka siku unayoitaka.

Mama wa Likoni, mjomba asiondoke nyumbani mpaka kijana apige simu kwamba ametua. Maegesho ya JFK ni ghali.