Mwanangu, kuhusu wale wapiga magitaa watatu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Mwangaluka. Huku hatujambo. Mama yako ametoka Mwaloni sasa hivi na ndoo yake ya dagaa, anakusalimu na anauliza kama ule upepo wa Dodoma umepungua. Ile filamu uliyoituma kwenye simu ya mdogo wako nimeiangalia yote. Kisha nikaiangalia tena karakanani kwa spika kubwa, maana filamu ya magitaa kuisikiliza kwa kispika cha simu ni kuidhulumu.

Uliniuliza mambo mawili: kati ya wale watatu yupi mkali, na kama inafaa uwaoneshe wanafunzi wako wa klabu ya muziki, ambao wanalilia gitaa la umeme na shule haina fedha. Mdogo wako amekuambia kwamba nilikaa kimya mpaka mwisho. Nilikuwa nasikiliza, na fundi akisikiliza hasemi. Najibu leo, na nitaeleza hata yale unayoyajua, ili wanaklabu wako wakiisoma barua hii wasipotee.

Filamu yenyewe inaitwa It Might Get Loud. Aliyeiongoza ni Davis Guggenheim, na ilioneshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2008. Amewachukua wapiga gitaa wa roki wa rika tatu: Jimmy Page wa Led Zeppelin, Mwingereza aliyezaliwa 1944, The Edge wa U2, aliyekulia Dublin, wa 1961, na Jack White wa The White Stripes, wa Detroit, wa 1975. Kila mmoja anaonekana kwao, anaeleza alivyoanza, halafu wanakutanishwa kwenye ukumbi mmoja wenye makochi, magitaa na amplifaya, waongee na kupiga pamoja.

Naanza na White, kwa kuwa filamu inaanza naye. Yuko shambani, ng'ombe wanamtazama. Anachukua kipande cha ubao, anapigilia misumari, anakaza waya mmoja, anaweka chupa ya soda chini ya waya uinuke, anafunga pikapu, anaunganisha na amplifaya, na gitaa linalia. Hapo, mwanangu, mwalimu asimamishe filamu, kwa sababu siri yote ya gitaa la umeme iko kwenye ule ubao. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa uzi mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu. Waya wa chuma ukitetemeka juu yake unaisumbua ile sumaku, na umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya shaba. Amplifaya inaukuza huo umeme, basi. Kwenye gitaa la umeme mwili wa mbao una maneno machache kuliko watu wanavyodhani.

Wavulana wa hapa ziwani wanaotengeneza magitaa ya kopo hufunga mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia, kwa kuwa ndio ulio karibu. Kwa gitaa kavu unatosha. Lakini wakija kwangu kutaka niwafungie pikapu nawarudisha, maana nailoni haiisumbui sumaku na pikapu haisikii kitu. Lazima wachambue waya wa breki ya baiskeli, nyuzi zake za chuma moja moja. Wanafunzi wako wakilielewa hilo tu, filamu imelipa.

Ugomvi wangu na White unaanza baadaye kidogo, anapoeleza kwamba anapenda gitaa gumu, bovu, la plastiki, linalogoma, ili apigane nalo. Kwamba urahisi unaua muziki. Anasema kwa moyo kabisa, na akipiga unamwamini. Ila yeye shida ameichagua. Franco Luambo, yule mpiga gitaa mkubwa wa Kongo, alipokuwa mtoto Léopoldville alijitengenezea gitaa la kopo lenye nyaya za umeme zilizochunwa, na alipopata gitaa la kweli hakuna aliyemwona akililia kopo. Hakuna mpiga gitaa hata mmoja niliyewahi kumtengenezea amplifaya hapa Mwanza aliyeniomba niiharibu ili ateseke vizuri. Kwa hiyo hapo usiwaache watoto peke yao na maneno ya White. Mtoto asiye na gitaa asiambiwe kwamba ana bahati.

Mfano bora kwa shule isiyo na fedha hata haumo kwenye filamu hii. Ni Brian May wa bendi ya Queen, ile aliyoimba Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946. Kuanzia mwaka 1963 kijana May na baba yake, ambaye alikuwa fundi wa mambo ya elektroniki, walitengeneza gitaa nyumbani kwa sababu hawakuwa na pesa ya kununua. Shingo ilitoka kwenye mbao ya zamani ya mahali pa kuotea moto, springi walitoa kwenye pikipiki. Pikapu walizosuka wenyewe hazikuwaridhisha, wakanunua nyingine dukani. Hawakutafuta kitu cha kupigana nacho. Walitaka kitu kizuri, na gitaa hilo May amelipigia maisha yake yote. Baba na mtoto mezani na msasa, mimi hapo naelewa kila kitu.

Page ndiye aliyenifurahisha zaidi kwa sura. Kuna mahali yuko chumbani kwake penye santuri, anaweka ile ya mpiga gitaa Link Wray ya mwaka 1958, halafu mzee mzima mwenye nywele nyeupe anapiga gitaa la hewani, mikono mitupu, anacheka kama mtoto. Huyo Link Wray yasemekana alitoboa karatasi ya spika kwa penseli ili sauti ikwaruze. Kwa penseli! Makusudi! Mimi nimekula chumvi yangu yote kwa kuziba matundu ya spika. Wanamuziki wa dansi walikuwa wakiniletea spika inayokwaruza wakiwa wamekasirika kama niliyeichana ni mimi, wanataka solo itoke safi, kila noti ijulikane imeanzia wapi na imeishia wapi. Wenzetu wa roki mkwaruzo ndio kiungo chao. Baada ya kumsikiliza Page nimekubali kwamba si kelele ya ovyo: anajua aufungulie kiasi gani, na anajua kuufunga. Na pale anapoeleza ngoma za John Bonham, mpiga ngoma wa Led Zeppelin, zilivyorekodiwa kwenye ukumbi wa ngazi wa nyumba ya Headley Grange, vinasa sauti vikiwa juu ya ngazi na ngoma ziko chini, nilimwambia mdogo wako arudishe nyuma. Nyumba yenyewe imegeuzwa chombo.

Sasa nikujibu: mkali ni The Edge. Najua wewe ulitegemea Page. Kwa kasi ya vidole Page anamzidi mbali, na hata Edge mwenyewe hajidai. Lakini yeye ndiye aliyefanya jambo ambalo fundi anaweza kulivulia kofia. Anapiga kipande kinachojaza uwanja wa mpira, halafu anazima mashine zake na kukuonesha mkono wake ulichokuwa unafanya hasa: noti mbili tatu, kitu ambacho mwanafunzi wa mwezi mmoja angekiweza. Kijana mwenye majivuno asingethubutu kukionesha.

Ujanja uko kwenye mashine ya kurudisha sauti. Anaitega irudishe kila noti baada ya robo tatu ya pigo, mara nyingi ndivyo anavyofanya. Yeye anapiga noti mbili kwa kila pigo. Mwangwi hauangukii juu ya noti zake, unaangukia katikati, kwenye nafasi alizoziacha. Unachosikia wewe ni magitaa mawili yanayosukana, na mtu ni mmoja. Lakini haiwi rahisi hata hivyo, maana mashine haimsubiri mtu. Akichelewa kidogo tu kitambaa chote kinafumuka.

Niliposikiliza mara ya pili nikatambua kwa nini inaniingia. Mtu huyo amejitengenezea kwa mashine mpiga rithim, yule wa gitaa la pili linaloshika mwendo. Yale magitaa mawili yanayojazana nafasi ndiyo tuliyokulia nayo sisi, tofauti ni kwamba kwetu la pili lilishikwa na mtu aliyekuwa na jasho, deni na mke. Bendi ya dansi ilikuwa na solo, sekendi solo, rithim na besi. Wakongo waliongeza mi-solo, linalokaa kati ya solo na rithim, linazungusha kitu kilekile kidogo mpaka unaingia wazimu wa raha. Ukimtoa mmoja wimbo unabaki na pengo. Hakuna anayepiga kila mahali, na aliyepiga kila mahali alifukuzwa.

Hapo ndipo filamu iliponiangusha. Wanakaa watatu kwenye ukumbi, saa imefika, na unachosubiri ni wajibizane. Page anaanzisha ule mgongo wa wimbo wake maarufu, kile kipande kifupi kinachorudiwarudiwa, wenzake wanaacha magitaa yao na kumtazama kwa tabasamu la mashabiki. Ni pazuri, siwezi kukataa. Lakini wakipiga pamoja wote wanashika mgongo uleule, wote juu ya barabara moja, hakuna anayepunguza apishe mwingine. Mwisho wanachukua magitaa makavu na kuimba wimbo wa bendi iitwayo The Band wa mwaka 1968, taratibu, kama wageni wanaoogopa kuvunja vikombe. Sidhani kwamba hawakuweza. Wamelelewa kila mmoja awe peke yake mbele, na aliyewaita hakuwapa muda wa kuzoeana. Ungemwita mpiga rithim mzuri wa bendi ya Sikinde akae kati yao kwa dakika kumi, mambo yangepangika.

Jambo jingine nalisema haraka. Watatu wote ni wanaume, na wewe ni mwanamke unayefundisha wasichana. Watafutie picha za Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili wa Marekani aliyezaliwa 1915, anavyolishika lile gitaa la umeme. Sina la kuongeza, mtazameni wenyewe. Pia pale White anapoweka santuri ya Son House, mzee wa Mississippi anayeimba bila ala yoyote, anapiga makofi tu, usiwaruhusu wanafunzi waende msalani. Roki yote hiyo imetoka kwa watu wale. Ule waya mmoja juu ya ubao nao ni ala ya watoto weusi wa kusini mwa Marekani, na wachunguzi wanaipeleka asili yake Afrika. Hapo Dodoma una Wagogo na zeze lao mlangoni. Mwalike mzee mmoja akae mbele ya darasa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ndiyo, waoneshe, lakini usioneshe yote kwa mkupuo. Kipindi cha kwanza ubao wa White, usimamishe, waguse pikapu kwa mikono. Kipindi cha pili The Edge akizima mashine. Page wape kama zawadi. Kisha, kabla hawajaanza kutamani mashine za bei ya ng'ombe, wapigie D. O. Misiani, mtu wa ziwa letu hili, aliyezaliwa upande wa Shirati mwaka 1940 na kwenda kuupeleka muziki wa benga Kenya nzima na bendi yake ya Shirati Jazz. Waambie wasikilize gitaa linavyoifuata sauti ya mwimbaji, linamwacha amalize, halafu linasema nalo yaleyale kwa namna yake, kama Wajaluo walivyozoea kusikia kwenye nyatiti, ala yao ya nyuzi. Baadaye wape Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wetu wa dansi, ambaye alizaliwa mwaka uleule wa Page, 1944, na ajali ikamchukua Januari 1979. Page amepata uzee wa kukaa na santuri zake na kueleza alivyofanya. Mbaraka hakuupata, kwa hiyo maelezo yake yamo ndani ya nyimbo tu, inabidi wanafunzi wayachimbe kwa masikio. Wagawe wawili wawili, mmoja afuate solo kwa kupiga kidole mezani, mwenzake afuate rithim, uone nani anapotea kwanza.

Kuhusu vifaa: nina pikapu mbili za zamani kwenye kopo la misumari, moja nimeipima bado nzima, nyingine shaba yake imekatika ndani na nitaisuka upya wiki hii. Nitazituma kwa basi pamoja na mita tatu za waya wa ngao na soketi. Ubao tafuteni huko, mninga au hata mbao ya kreti, ilimradi usiwe umepinda. Nyuzi nunua za gitaa la umeme, seti moja tu, na mwambie muuzaji kwamba huzitaki zile za nailoni. Kulehemu wasubiri mpaka nije au umpate fundi redio wa karibu, maana moshi wa kulehemu si wa watoto kuuvuta darasani. Na konda wa basi usimlipe, nitakuwa nimeshamaliza naye huku.

Ni mimi baba yako.