Ukiangalia Frozen usizirushe nyimbo

Watu wazima wengi ninaowajua wakikaa kuangalia Frozen (ile muvi ya katuni ya Disney) na watoto, kitu cha kwanza wanashika rimoti, wimbo ukianza tu wanasogeza mbele eti wafike kwenye stori. Jamani, stori yenyewe ndo imo humo kwenye nyimbo! Mi nimeiangalia na mpwa wangu mpaka nimeikariri, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Chukua ule wa Anna kumwita dada yake Elsa watoke wakacheze na theluji. Wimbo mfupi tu, ila utoto mzima unapita hapo: anagonga mlango akiwa katoto, anagonga tena kashakua kidogo, halafu wazazi wanafia baharini, anarudi palepale mlangoni kavaa nguo nyeusi, anakaa chini kauegemea, na tukionyeshwa upande wa pili kumbe Elsa naye kauegemea mlango huohuo. Ukiruka hapo utamshangaa Anna anavyokubali kuolewa na Hans, mwana wa mfalme, siku hiyohiyo waliyokutana, utasema huyu binti hayuko sawa kichwani. Kafungiwa milango miaka yote hiyo, wa kwanza kumchangamkia si ataonekana malaika!

Halafu Let It Go, ule wa Elsa akiwa kakimbilia mlimani baada ya watu kujua ana nguvu za kugandisha vitu. Elsa alipangwa awe mbaya wa stori (muvi imetokana kwa mbali na Malkia wa Theluji ya Hans Christian Andersen, ya 1844), ila Kristen Anderson-Lopez na mumewe Robert Lopez walipouleta huo wimbo, ikaonekana huyu ni binti mwenye hofu tu, ikabidi stori igeuzwe. Mwaka 2014 ukachukua Oscar. Watu wanauimba kama wimbo wa uhuru, na sawa, anatupa glavu, anatupa taji, joho linapeperuka, lakini angalia mwisho kabisa: anageuka, anaingia ndani, milango inajibamiza. Kajifungia tena, safari hii kwa raha zake, na huko alikotoka kila kitu kimeganda wala hana habari.

Mtoto usimchoshe na haya yote, mwache aimbe. We muulize tu Elsa anamwogopa nani, majibu yao yanafurahisha sana.

Wimbo wa matroli (vile viumbe vya mawe) ukiusogeza sikugombezi, Anna hali yake mbaya wao wanapanga harusi. Bahati mbaya mpwa wangu anaupenda kuliko zote, basi hapo ndo najibu meseji zangu.