Mabuti Magumu na Vibanio vya Ubao wa Alpaini: Anza na Ganda, Malizia na Skrubu

Ukimwona mtu kwenye ubao mwembamba wa alpaini (ubao wa kutelezea thelujini kwa mabuti magumu), kona ya upande wa vidole inamchelewa na kona ya upande wa kisigino inamrusha, usiharakishe kulaumu mbinu zake. Chunguza kisigino chake kwanza. Mara nyingi buti limemzidi namba moja au mbili, na kila akitaka kuusimamisha ubao ukingoni, mguu unacheza ndani ya plastiki kabla ubao haujapata habari. Kibanio, kifaa kinacholifunga buti kwenye ubao, kiwe cha aina gani, hakiwezi kuponya mguu unaoelea. Kwa hiyo kazi inaanzia mguuni, inakwenda kwenye ganda (plastiki ya nje ya buti), kisha bitana (buti laini la ndani linalochomoka), na vibanio vinakuja mwisho kabisa. Wengi huifanya kinyumenyume.

Mguu na ganda

Namba za mabuti haya ni urefu wa mguu kwa sentimita, mtindo unaoitwa mondopointi. Namba 26.5 ni mguu wa sentimita 26.5, basi. Simama kwa uzito wako wote juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, piga alama mbele ya kidole kilichotangulia (kwa wengine si kidole gumba), pima. Rudia mguu wa pili. Ikiwa inatofautiana, chagua ganda la mguu mrefu na ujaze pengo la mguu mfupi kwa soli nene ya ndani. Usibahatishe kwa kutumia namba ya raba zako. Raba hununuliwa zikiwa na nafasi mbele, na hapa nafasi hiyo ndiyo adui.

Kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye boksi: namba 26 na 26.5 kwa kawaida ni ganda lile lile, nusu namba inatokana na bitana au soli ya ndani tu. Kuhangaika kati ya hizo mbili ni kupoteza muda. Uamuzi wa kweli ni kati ya ganda moja na lingine.

Ganda hupimwa hivi. Chomoa bitana. Ingiza mguu mtupu, usogeze mbele mpaka vidole viguse plastiki bila kujikunja, kisha shusha kijiti cha mviringo nyuma ya kisigino. Nafasi ya mm 10 hadi 15 ni ya mtu wa mashindano au anayejua anachotaka. Mm 15 hadi 20 inamfaa karibu kila mtu mwingine. Ikifika 25, rudisha buti mahali pake hata kama rangi yake imekuvutia. Hapo hapo, simamisha mguu katikati ya ganda na uangalie pembeni: upana wa mguu kwenye mizizi ya vidole usiwe umebanwa na plastiki pande zote mbili. Ikiwa ni sehemu moja tu inayogusa, kama mfupa wa kifundo au wa kidole kidogo, fundi wa mabuti anaweza kuipasha moto plastiki na kuisukuma nje milimita chache. Ganda dogo kidogo lina dawa. Ganda kubwa halina.

Rudisha bitana, vaa soksi moja nyembamba, funga bizimu. Ukisimama wima vidole vinapaswa kugusa mbele. Ukikunja magoti, kisigino kinarudi nyuma na vidole vinapata ahueni. Buti likionekana la starehe kabisa ndani ya duka, limeshakuwa kubwa, kwa sababu bitana mpya hushindiliwa na kupungua unene baada ya siku chache za matumizi.

Je, buti la ski linafaa badala yake? Linaingia kwenye vibanio vingi vya upinde (vya waya, nitavieleza chini), na watu wanalitumia. Lakini soli yake ni ndefu kuliko ya buti la ubao lenye namba ile ile, na kifundo chake hakikunjiki vya kutosha kwa mtu aliyesimama kiubavu. Buti likiwa limegeuzwa nyuzi 60 kuelekea pua ya ubao, kila mm 10 za soli zinachukua mm 5 zaidi za upana wa ubao. Hizo mm 5 utazikuta tena huko chini.

Kuhusu ugumu: usinunue buti la mashindano kwa sababu mabingwa wanalivaa. Mtu mwepesi ndani ya buti gumu kupita kiasi hawezi kukunja kifundo, basi anakunja kiuno, na makalio yanabaki nyuma ya ubao. Watengenezaji Deeluxe, UPZ na Mountain Slope wote wana mabuti ya ugumu tofauti. Na jihadhari na mitumba: plastiki ya ganda huzeeka hata ikiwa kabatini, na buti la miaka mingi linaweza kupasuka vipande kwenye baridi bila onyo. Nyufa nyembamba kuzunguka misumari ya kifundo zinatosha kuliacha.

Bitana, bizimu na mwinamo

Bitana nyingi za kisasa hupashwa moto na kuchukua umbo la mguu. Joto na dakika ni zile alizotaja mtengenezaji, usizidishe. Kinachoharibu kazi hii ni kusahau kofia ndogo ya vidole chini ya soksi (bila hiyo bitana inaganda ikiwa imebana vidole), kukaza bizimu kwa nguvu, na kutembeatembea kabla haijapoa. Simama tuli, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, dakika zote ulizoambiwa.

Ukifunga, anza na bizimu ya kifundo, ile inayovuta mshazari kuelekea kisigino. Piga kisigino chini mara mbili, kaza hiyo, kisha za ugokoni, na mwisho ya vidole, ambayo kazi yake ni kuzuia theluji tu. Ganzi ya vidole kwa kawaida inatokana na bizimu ya mgongo wa unyayo kukazwa kufidia buti kubwa. Maumivu ya ugoko nayo, ambayo watu wengi hudhani ni ya buti kubana, mara nyingi ni ya buti kulegea: mguu unaangukia mbele na kugonga ulimi kila kona. Misuli ya unyayo ikikaza, soli ya ndani haishikilii upinde wa mguu, na vidole vinang'ang'ania chini. Hapo tafuta soli ya ndani yenye umbo la mguu wako kabla ya kugusa kitu kingine.

Nyuma ya buti kuna kifaa cha mwinamo, chenye ngazi kadhaa na sehemu ya kutembelea. Buti la mbele liwe wima zaidi, la nyuma liiname zaidi, kwa sababu goti la nyuma linapaswa kusukumwa mbele na ndani. Anza na ngazi ya pili mbele na ya tatu nyuma. Mapaja yakiungua baada ya mteremko mmoja, punguza mwinamo.

Kibanio cha upinde au cha kukanyaga

Kibanio cha upinde kina waya mnene wa chuma nyuma na mwingine mbele wenye wenzo. Unaingiza kisigino, unashusha vidole, unainua wenzo juu ya pua ya buti. Ni chepesi na rahisi kukarabati. Kibanio cha kukanyaga, mfumo wa Intec, kinahitaji buti lenye kisigino maalumu: pini mbili hutokeza pembeni kwa springi na kujifunga kwenye kibanio, na kebo inayopanda mpaka juu ya buti huzirudisha ndani unapovuta kamba. Unaanza na vidole, unakanyaga, unasikia mlio.

Mlio huo ndio unaodanganya. Barafu ikiganda chini ya soli, pini moja inaweza kuingia na nyingine ikabaki nje, na mlio ukasikika vilevile. Kwangua soli kwa ukingo wa kibanio, kanyaga, kisha vuta kisigino juu kwa nguvu na utazame pini zote mbili kwa macho. Vibanio hivi haviachii ukianguka kama vya ski. Miguu yote miwili ikibaki imefungwa, unaanguka na ubao wako kama kitu kimoja. Mguu mmoja ukifunguka kwenye mwendo, wa pili unabaki na uzito wote wa ubao kwenye goti, na huo ndio mwanzo wa majeraha mabaya.

Urefu wa kibanio cha upinde unarekebishwa ili wenzo uanze kukupinga ukifika nusu ya njia na ufunge kwa nguvu ya kiganja kimoja. Ukifunga kwa kidole, ni legevu: shika buti ulitikise mbele na nyuma, lisisogee hata milimita. Ukihitaji kuuangukia kwa uzito wa mwili, umekaza mno, na waya utachoka mapema. Waya wa mbele ndio unaovunjika zaidi, na huvunjika pale unapopinda. Futa, angalia kwenye mwanga, ukiona mstari kama unywele, badilisha siku hiyo hiyo.

Mtu wa kilo 60 hahitaji kibanio kizito cha aluminiamu kama Bomber TD3. Vibanio vya F2, vyenye mnyumbuko kidogo, vitamsamehe makosa mengi. Mtu mzito na mwenye kasi ataona kinyume.

Pembe: acha buti lifuate upana wa ubao

Nyuzi 0 ni mguu uliokingama ubao, nyuzi 90 ni mguu unaotazama pua ya ubao. Swali la "nitumie nyuzi ngapi?" halina jibu bila upana wa ubao. Ubao wenye kiuno cha sentimita 18 hadi 21 kwa kawaida unaishia nyuzi 55 hadi 65; wa sentimita 22 hadi 25, nyuzi 45 hadi 55. Mguu wa nyuma uwe sawa na wa mbele au upungue kwa nyuzi 3 hadi 5.

Unatafuta pembe ambayo pua na kisigino cha buti vinafika ukingoni bila kuuvuka. Pembe ndogo, buti linajitokeza nje na kukwaruza theluji. Kubwa mno, unapoteza nguvu ya kuusimamisha ubao. Weka ubao sakafuni ukiwa na buti juu yake, gusisha rula iliyonyooka kwenye ukingo wa chuma na kwenye kona ya chini ya buti iliyojitokeza. Pembe kati ya rula na sakafu ndiyo kiwango ambacho ubao unaweza kulala kabla buti halijagusa theluji. Soli ikiwa mm 30 juu ya sakafu na buti limejitokeza mm 10, hiyo ni karibu nyuzi 72. Likijitokeza mm 5, ni nyuzi 80. Na kwa vile ukingo hukata na kuzama kwenye theluji laini, ondoa kidogo katika hesabu hiyo. Buti likigusa, ukingo unanyanyuka ghafla na unateleza kwa nyonga bila taarifa. Pima pande zote mbili za kila buti. Pua huwa imechongwa kwa juu na inasamehe, kisigino hakisamehi. Nafasi isipolingana, sogeza buti kwenye kibanio mpaka lilingane, ndipo uguse pembe.

Umbali kati ya vibanio, katikati kwa katikati, uanze sentimita 46 hadi 50 kwa mtu wa kimo cha wastani.

Kabari za kuinua zinakuja baada ya hapo. Ziweke chini ya vidole vya mbele na chini ya kisigino cha nyuma, nyuzi 3 kila upande kwa kuanzia. Miguu ikiwa mbali na ikielekea mbele, kisigino cha nyuma kinataka kunyanyuka, na kabari inakipa kitu cha kukanyagia. Kabari za kulaza mguu ndani, kuelekea goti la pili, ziache mpaka uone magoti yanavutwa nje; wengi huziweka nyingi na kujikuta wamefunga magoti pamoja bila uhuru.

Skrubu

Skrubu ni M6 (kipenyo mm 6), na kichwa cha msalaba kinataka bisibisi ya PZ3 (Pozidriv namba 3). Ukitumia ya kawaida ya msalaba, itateleza na kukila kichwa. Kabla ya kufunga, pima kina cha tundu lenye hesi kwa kijiti chembamba, kisha upime skrubu inavyotokeza chini ya sahani ya kibanio, kabari zikiwa ndani yake. Utokezaji uwe pungufu ya kina kwa mm 1. Ndefu zaidi itagonga sakafu ya tundu kabla sahani haijabanwa, na kivimbe kitaonekana chini ya ubao. Fupi mno inashika hesi mbili tatu na kung'oka. Ukiongeza kabari, karibu kila mara unahitaji skrubu ndefu zaidi. Hapa ndipo watu husahau. Kaza zote nne kidogokidogo kwa mshazari. Gundi ya hesi weka kidogo tu na isiguse plastiki, kwani aina nyingine huila.

Siku ya kwanza beba bisibisi, spana ya L, skrubu mbili za akiba na waya mmoja. Baada ya mteremko wa pili kaza tena skrubu zote. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, nyuzi 3 au ngazi moja, ushuke mara tatu kabla ya kuamua, na uandike vipimo kwenye utepe uliobandikwa juu ya ubao. Jioni, chomoa bitana zikauke mbali na hita, funga bizimu kwa kulegea ili ganda lisipoteze umbo, na kama una Intec, vuta kebo taratibu: ikiwa nyuzi zimeanza kuchanika, usisubiri ikatike ukiwa mlimani na mguu umo ndani.