Jemu imegoma kuganda? Acha kuchemsha, tafuta ndimu

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimechemsha nanasi saa nzima na nusu, jemu bado inamwagika. Nikoleze moto?" Ujumbe ule ulinirudisha mwaka wangu wa kwanza wa biashara.

Nilikuwa nimepata oda ya chupa 40 kutoka duka moja hapa Dar. Nikanunua mananasi ya Kiwangwa yaliyoiva mpaka yananukia njia nzima, maana niliamini utamu ndio jemu. Ndimu sikutia hata tone. Ilipogoma kuganda nikaongeza sukari, nikaongeza na mkaa. Kulipokucha nikainamisha chupa moja moja. Zote zikacheza kama maji. Nikazipeleka hivyo hivyo. Mwenye duka akafungua moja mbele ya wateja, akaimimina kwenye kisosi, akasema, "Mama, hii sharubati." Wateja wakacheka. Mpaka leo inaniuma.

Nilichokuwa sikijui ni pektini, gundi ya asili iliyomo kwenye kuta za seli za matunda. Tunda likiiva kupita kiasi, vimeng'enya vyake huivunja, na nanasi linayo kidogo tangu mwanzo. Tena pektini haigandishi peke yake: inataka sukari nyingi, kama asilimia 60 ya jemu iliyokamilika, na inataka ukali. Pasipo ndimu nyuzi zake husukumana. Ndimu huzituliza zikashikana. Ukiichemsha pektini muda mrefu, inakatika. Kumbe nilikuwa naiharibu mwenyewe, kwa mkaa wangu.

Mapera ndiyo yaliyoniokoa. Siku hizi kwa kilo moja ya nanasi nakata mapera mawili magumu, yasiyoiva sana, nayafunga kwenye kitambaa chepesi pamoja na kokwa za malimau, nachemsha na nanasi mpaka yalainike. Kisha nakamua kile kitambaa. Hutoka ute unaoteleza vidoleni kama wa bamia. Huo ndio pektini! Natia maji ya ndimu mbili, ndipo sukari, halafu moto mkali. Nadondosha tone kwenye kisosi kilicholala friza, nasubiri dakika moja, nalisukuma kwa kidole. Likikunja ngozi, naepua.

Mwenye kipimajoto, huku pwani epua kwenye nyuzi 104 au 105. Aliye Lushoto au Nairobi asisubiri namba hiyo. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza kama digrii moja. Na ukitumia pektini ya unga, ichanganye kwanza na sukari kavu, la sivyo itafanya madonge. Ndimu usisahau.

Dada zangu, tunapenda oda kabla ya kulijua tunda. Tunabuni lebo, tunapiga picha, na sufuria hatujaielewa. Kaa na tunda lako. Haribu kilo mbili tatu nyumbani kwako, si dukani kwa mtu. Mimi mwezi uliopita nimepeleka chupa 60 duka jingine, na nilipoinamisha ya kwanza mbele ya mwenye duka, jemu haikusogea.

Na wewe uliyeniandikia, usiimwage. Chemsha mapera pembeni, kamua ute wake, tia kwenye jemu yako pamoja na maji ya ndimu mbili, moto mkali dakika chache tu. Kisha nitumie picha ya kisosi.