Linlithgow kwa siku moja: wasomaji wanauliza, tunajibu

Ndugu wahariri, nitakuwa Edinburgh kwa wiki moja na nimebakiwa na siku moja ambayo sijaipangia kitu. Nimesikia Linlithgow kuna kasri alikozaliwa Mary, Malkia wa Uskoti. Je, mji huo unatosha siku nzima, au ni wa kupiga picha na kurudi?

Unatosha siku nzima, na ukienda Desemba giza litakukuta hujamaliza. Panda treni katika stesheni ya Waverley au Haymarket. Safari ni kama dakika 20. Si kila treni ya Glasgow husimama Linlithgow, kwa hiyo soma majina ya vituo kwenye ubao kabla ya kupanda. Treni za Dunblane pia hupita hapo. Ikitokea umepitilizwa, shuka Polmont au Falkirk High, vuka upande wa pili wa reli, usubiri ya kurudi.

Kutoka stesheni teremka hadi barabara ya High Street, pinda kushoto, tembea dakika chache ufike kwenye uwanja uitwao the Cross. Kisima cha mawe yaliyochongwa kilichopo pale ni cha 1807, nacho ni nakala ya kile cha 1628. Kabla ya kuleta maji ndani ya nyumba, watu wa mji huu walitegemea visima kama hicho. Kichochoro cha Kirkgate kinapanda kutoka hapo hadi lango la kasri. Anza na kasri, mfereji wa mashua ulio nyuma ya stesheni uuache kwa mchana: kasri lina saa za kufunga na mlango wa kuingilia hufungwa mapema zaidi, ilhali njia ya mfereji haina mlango.

Tulikwenda kwenye kasri tukaona kuta tupu zisizo na paa. Tulimaliza kwa nusu saa. Tulikosa nini?

Huenda mlipita haraka pale penye mambo mengi. Turudi langoni. Juu ya lango la nje, lililojengwa na Mfalme James V, kuna ngao nne zilizopakwa rangi. Kila moja ni ya chama cha heshima cha wafalme: cha Garter cha Uingereza, cha Thistle cha Uskoti, cha Ngozi ya Dhahabu kilichoanzia Burgundy, na cha Mtakatifu Michael cha Ufaransa. James V alikuwa akimwambia kila mgeni, hata kabla hajaingia, kwamba yeye ni wa daraja moja na wakubwa wa Ulaya. Ukilielewa lango, jengo zima linasomeka.

Ndani ya ua kuna chemchemi ya mawe ya mwaka 1538 hivi, yenye mabeseni matatu yaliyopandana na taji juu kabisa. Izungukeni polepole. Kuna nguva, kuna mpiga ngoma, na kila upande una sura yake. Ile iliyoko mbele ya kasri la Holyrood, Edinburgh, ni nakala iliyochongwa karne ya 19. Hii ya Linlithgow ndiyo ya asili. Inasimuliwa kwamba Prince Charles Edward Stuart, aliyeongoza uasi wa kudai kiti cha ufalme, alipopita hapa mwaka 1745 ilitiririsha divai. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1746, askari wa serikali chini ya Duke wa Cumberland waliomfuata walilala humu, na walipoondoka moto ukateketeza jengo. Ndiyo sababu hakuna paa. Njooni na koti la mvua hata kama mtakuwa ndani, maana kumbi nyingi ziko wazi kwa mbingu.

Kisha pandeni ukumbi mkubwa mtazame meko iliyo mwisho wake: ina midomo mitatu, kwa kuwa moto mmoja usingetosha ukumbi wa ukubwa ule. Upande wa kaskazini, wenye madirisha yaliyopangwa kwa safu sawa, ni mpya kuliko zile pande nyingine tatu. Wa zamani uliporomoka mwaka 1607, na James VI akaujenga upya kati ya 1618 na 1624. Malizieni na mnara wa kaskazini-magharibi, mahali inaposemekana Malkia Margaret alimngoja mumewe James IV, aliyeuawa vitani Flodden mwaka 1513. Ngazi ni za mzunguko na mawe yamelika katikati. Kanyageni upande wa ukutani, palipo papana, na mkisikia mtu anashuka, msubirini kwenye mlango wa ghorofa badala ya kupishana katikati ya ngazi.

Kanisa la Mtakatifu Michael liko mlangoni mwa kasri, msilipite. Taji lake la mawe liliondolewa karne ya 19 kwa kuhofiwa litaanguka. Hili la alumini liliwekwa 1964. Wapo wasiolipenda mpaka leo. Sisi tunalipenda, hasa mtu akiliona kutoka ng'ambo ya ziwa lililo chini ya kasri.

Nitakuwa na mama yangu mzee na mtoto wa kwenye kigari. Kuna la kufanya?

Lipo. Kasrini ua wa katikati na chemchemi vinaonekana bila kupanda ghorofani. Huko juu hakuna lifti, basi kigari kiishie uani na mpokezane kupanda. Kuzunguka ziwa ni kilomita 3.7 hivi, mwendo wa saa moja, ila sehemu za njia hupata tope baada ya mvua. Mama akichoka, ukingo wa chini ya kasri unatosha: una majani na bata wengi.

Onyo moja la kweli. Majira ya joto ziwa hili mara nyingi huota mwani wa kijani-buluu, kwa sababu maji yamejaa virutubisho, vikiwemo vya mbolea za mashambani. Huonekana kama rangi ya kijani iliyomwagika au povu ukingoni, na unaweza kuwa na sumu. Mtoto asichezee maji wala mbwa asinywe.

Daraja linalobeba mfereji liko mbali kiasi gani?

Kama kilomita 4 kutoka bandari ndogo ya mfereji iliyo Manse Road, mlimani nyuma ya stesheni. Elekea magharibi, upande wa Falkirk. Wengi hupotea kwa kushika mashariki. Njia ni tambarare kabisa, kwa kuwa Union Canal, uliofunguliwa 1822, ulichimbwa ukifuata kimo kimoja cha ardhi ili kukwepa malango ya kupandisha mashua. Bonde la mto Avon lilipokatiza kimo hicho, mhandisi Hugh Baird aliuvusha mfereji juu ya daraja la matao 12: urefu mita 247, kimo mita 26. Maji yamo ndani ya hori la chuma, na kando yake kuna kijia chembamba chenye uzio. Mwenye baiskeli ashuke aisukume.

Wikendi, kuanzia Pasaka hadi Septemba, kuna boti zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Ile fupi huzunguka karibu. Ya kwenda darajani na kurudi huchukua kama saa mbili na nusu. Viti ni vichache, weka nafasi mapema.

Ni kweli kiongozi wa nchi aliuawa kwa bunduki mjini hapo?

Kweli. Tarehe 23 Januari 1570, James Stewart, Earl wa Moray, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mfalme mtoto, alipigwa risasi akipita High Street juu ya farasi. Muuaji, James Hamilton wa Bothwellhaugh, alikuwa amejificha katika nyumba ya jamaa yake. Nyumba haipo tena. Tafuta kibao cha kumbukumbu ukutani mwa jengo la zamani la mahakama.